Mipangilio Ikigoma Kufunguka: Mafunzo ya Uwandani kutoka Masisi na Walikale

Agosti 2022, nikiwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, nilikwenda Masisi kukusanya msamiati wa Kihunde, kisha Walikale kukusanya wa Kinyanga. Nilibeba kinasa sauti kidogo, madaftari matatu na kompyuta ya mkononi ya kuazima yenye Windows 10 ya Kifaransa. Asubuhi ya kwanza, mzee aliyekubali kunifundisha alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake ananisubiri. Nilibofya alama ya gurudumu lenye meno ili nifungue Mipangilio na kuongeza kibodi ya kuandikia toni. Dirisha la buluu lilichomoza kwa nusu sekunde, likatoweka. Nikabofya tena. Likachomoza, likatoweka. Nilibofya labda mara thelathini.

"Mtoto wangu," mzee akaniuliza, "hiyo mashini yako imekataa kazi?"

Makala haya yanaeleza nini cha kufanya programu ya Mipangilio inapokataa kufunguka, hasa pale ambapo hakuna intaneti wala fundi wa karibu. Sina shahada ya kompyuta. Ninayoyaeleza niliyajua kwa kukosea, na kosa langu la kwanza lilikuwa la kiisimu, si la kifundi.

Mwanaisimu na Mipangilio

Kihunde na Kinyanga ni lugha za Kibantu zenye toni. Katika orodha ya Guthrie, kama ilivyosasishwa na Maho mwaka 2009, Kihunde ni JD51 na Kinyanga ni D43. Msomaji aliyezoea Kiswahili, ambacho hakina toni, anaweza kudhani kwamba alama juu ya irabu ni pambo. Tuchukue mfano wa Kilingala ambao wengi wetu wa Kongo tunaujua: *moto* ni mtu, na *motó* ni kichwa. Ukiondoa alama, umebaki na umbo moja la maandishi kwa maneno mawili. Msomaji wa Kilingala atasaidiwa na muktadha wa sentensi. Lakini orodha ya msamiati haina sentensi. Neno limesimama peke yake, na toni isipoandikwa, sehemu ya neno haikuandikwa.

Shida ni kwamba kibodi ya Kifaransa, ile ya AZERTY tunayoitumia mashuleni na maofisini, haikuundwa kwa ajili yetu. Ina kitufe cha *é*, kwa sababu Kifaransa kinaihitaji. Haina njia ya kawaida ya kuandika *á*, *í*, *ó* wala *ú*. Kwa hiyo mtafiti wa lugha za Kivu huongeza mpangilio mwingine wa vitufe, kwa mfano ule wa Kimarekani wa kimataifa, ambapo unabonyeza alama ya ritifaa kisha irabu, na toni ya juu inakaa mahali pake. Mpangilio huo huongezwa ndani ya Mipangilio, sehemu ya lugha. Ndiyo maana dirisha lile lilikuwa na uzito kwangu asubuhi ile.

Nilifanya nini? Niliandika bila toni. Nilijiambia, "Nitaziweka baadaye." Tena nilikuwa nimezima kinasa sauti ili kubakiza betri kwa ajili ya hadithi ambazo mzee aliahidi kunisimulia mchana. Tuliandika maneno karibu mia moja kabla hajaondoka kwenda shambani.

Mlango ni mmoja, nyumba ni nyingine

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Mipangilio si kompyuta. Ni programu kama nyingine, yenye faili yake iitwayo SystemSettings.exe, na kazi yake ni kuonyesha na kubadilisha mambo yaliyohifadhiwa kwingine. Programu hiyo ikifa, lugha, kibodi, sauti na akaunti bado zipo. Kilichofungwa ni mlango. Kwa hiyo kuna maswali mawili tofauti ambayo mimi niliyachanganya: nifanyeje nipate ninachokihitaji leo, na nifanyeje nirekebishe programu yenyewe? La kwanza mara nyingi lina jibu la dakika tano. La pili linaweza kuchukua siku nzima. Mwenye msemaji anayemsubiri aanze na la kwanza.

Sababu za mlango kutofunguka ni za aina nne hivi. Huenda programu imekwama kwa muda tu. Huenda akaunti ya mtumiaji imeharibika, ingawa mfumo wenyewe ni mzima. Huenda faili za mfumo zimeharibika, na hili hutokea sana pale umeme unapokatika ghafla. Au huenda mwenye kompyuta, kama vile chuo au ofisi, amezuia Mipangilio kwa makusudi. Katika hali hii ya mwisho kwa kawaida utaona ujumbe wa katazo. Usitafute njia ya kulikwepa, mwombe aliyeweka zuio alitoe.

Yangu ilikuwa aina ya tatu, na mkosaji nilikuwa mimi. Nikiwa Goma niliacha kompyuta ikipakua masasisho, nikaondoka nayo kabla hayajamalizika kusakinishwa. Kompyuta iliendelea na kazi hiyo Masisi, kwa umeme wa jua na betri iliyochoka, ikazimika katikati mara mbili.

Hatua za mwanzo, zisizohitaji intaneti

Kabla ya kugusa chochote, nakili data zako mahali pengine. Sauti inayorekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, stirio, huchukua takribani gigabaiti moja kwa saa, kwa hiyo flashi ya gigabaiti 32 inatosha kwa safari fupi. Hatua zinazofuata hazifuti faili, lakini kompyuta iliyoanza kuharibika haina ahadi.

Kwanza, anzisha kompyuta upya kwa kuchagua *Redémarrer*. Kuizima na kuiwasha si jambo lilelile. Tangu Windows 8, kompyuta nyingi zikizimwa huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo kwenye diski ili ziwake haraka, na kasoro iliyokuwemo inaweza kurudi nayo. Kuanzisha upya husafisha yote.

Pili, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la kusimamia kazi. Ukiiona Mipangilio kwenye orodha (kwenye skrini ya Kifaransa imeandikwa *Paramètres*), isimamishe, kisha jaribu tena. Programu iliyolala nusu haiwezi kufunguka mara ya pili mpaka ile ya kwanza iondoke.

Tatu, jaribu njia nyingine za kufika palepale. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I. Ikishindikana, bonyeza Windows pamoja na R, kisha andika:

ms-settings:regionlanguage

Hii inakupeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wa lugha. Wakati mwingine ukurasa wa kwanza ndio ulioharibika, na kurasa za ndani bado zinafunguka.

Nne, kuna Jopo la Udhibiti la zamani, *Panneau de configuration*, ambalo hufunguliwa kwa amri *control* kupitia Windows na R. Huko bado utapata mengi: sauti, tarehe, programu zilizosakinishwa. Lakini kwa shida yetu jopo hilo halisaidii. Ukurasa wa kuongeza lugha na kibodi uliondolewa humo katika matoleo ya Windows 10 ya mwaka 2018. Ulihamia ndani ya Mipangilio.

Amri kwa simu

Jioni ile nilipanda kilimani palipo na mtandao wa simu, nikampigia mwenzangu wa darasa aliyekuwa Goma na anayeijua kompyuta kuliko mimi. Alianza kunisomea amri. Hapo nikagundua kwamba Kiswahili chetu kina neno *mkwaju* kwa ajili ya alama / lakini mimi na yeye hatukuwa na neno tulilokubaliana kwa ajili ya alama \ . Alisema mkwaju, nikaandika usio wenyewe. Alisema "ule mwingine, wa kurudi nyuma," nikauliza kurudi nyuma kutoka wapi. Baada ya kukosea mara mbili nilimwomba anitumie ujumbe wa maandishi. Nilipokea mistari mitatu ya kuandika katika programu ya amri iitwayo PowerShell, ambayo hufunguka kwa Windows na R na kuandika *powershell*:

$l = Get-WinUserLanguageList
$l[0].InputMethodTips.Add('040c:00020409')
Set-WinUserLanguageList $l -Force

Mstari wa kwanza unaisoma orodha ya lugha za mtumiaji. Wa pili unaongeza, chini ya lugha ya kwanza, mpangilio wa vitufe: 040c ni namba ya Kifaransa cha Ufaransa, na 00020409 ni ile kibodi ya Kimarekani ya kimataifa. Wa tatu unaihifadhi orodha. Kwenye AZERTY, mabano ya mraba hupatikana kwa AltGr na 5, na AltGr na kitufe cha mabano ya kufunga. Ukimaliza, Windows na kitufe cha nafasi hubadilisha kibodi. Kumbuka kwamba A na Q zitakuwa zimebadilishana nafasi. Ukurasa wangu wa kwanza wa Kihunde ulijaa q.

Mipangilio ilikuwa bado haifunguki, lakini nilikuwa na toni.

Kuna jambo la kujifunza hapa kuhusu lugha. Jina la dirisha hubadilika kulingana na lugha ya skrini: *Paramètres* kwa Kifaransa, *Mipangilio* kwa Kiswahili. Maelezo yaliyoandikwa kwa mtu mwenye skrini ya Kiingereza yanaweza kukupoteza kabisa ukiwa na ya Kifaransa. Amri hazibadiliki. Ni kama umbo la ndani na umbo la nje katika fonolojia: ukiligusa umbo la ndani, hukwazwi na tofauti za juu. Lakini kanuni hii ina vighairi. Majina ya makundi ya watumiaji hutafsiriwa. Katika Windows ya Kifaransa kundi la wasimamizi linaitwa *Administrateurs*, na amri yenye jina la Kiingereza itakujibu kwamba kundi hilo halipo.

Kutafuta chanzo kwa jozi

Mzee alinipa asubuhi ya pili, na hiyo tuliitumia vizuri. Nilimwomba apige mluzi wa kila neno baada ya kulitamka, njia ambayo wanaisimu wa lugha za kitoni huitumia sana, kwa sababu mluzi huondoa konsonanti na irabu ukabaki na toni peke yake. Alicheka, kisha akakubali. Siku ya tatu niliondoka kwa pikipiki kuelekea Walikale.

Walikale ndipo nilipoamua kuirekebisha programu yenyewe, na safari hii nilifanya kwa utaratibu tunaoujua darasani. Ili kuthibitisha kwamba sauti mbili ni fonimu tofauti, tunatafuta jozi mlinganuo finyu: maneno mawili yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Kompyuta inachunguzwa vivyo hivyo. Badilisha kitu kimoja, kingine kibaki kama kilivyo, kisha tazama.

Jozi ya kwanza ni akaunti. Fungua PowerShell kwa mamlaka ya msimamizi (Windows na X, kisha uichague kwenye orodha) na uandike:

net user jaribio /add

Umeunda mtumiaji mpya aitwaye *jaribio*. Toka kwenye akaunti yako, ingia kwa hiyo mpya, fungua Mipangilio. Ikifunguka, mfumo ni mzima na akaunti yako ndiyo yenye kasoro. Unaweza kuhamia kwenye akaunti mpya na kunakili faili zako. Isipofunguka, kasoro iko ndani zaidi. Yangu haikufunguka.

Hatua inayofuata ni kuisajili upya programu ya Mipangilio, kwa mstari mmoja ndani ya PowerShell hiyohiyo:

Get-AppxPackage windows.immersivecontrolpanel | ForEach-Object {Add-AppxPackage -DisableDevelopmentMode -Register "$($_.InstallLocation)\AppXManifest.xml"}

Kwenye AZERTY, mstari wa wima ni AltGr na 6, na mkwaju wa nyuma ni AltGr na 8. Amri hii haipakui kitu. Inaiambia Windows isome upya maelezo ya programu iliyomo tayari. Kwangu haikusaidia.

Kisha nikakagua faili za mfumo:

sfc /scannow

Kazi hii ilichukua dakika kama ishirini. Matokeo yake huwa mojawapo ya matatu: hakuna faili iliyoharibika, zipo na zimerekebishwa, zipo na baadhi hazikuweza kurekebishwa. Nilipata la tatu. Sababu yake ni kwamba sfc hurekebisha kwa kutumia nakala safi zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta, na ghala la nakala hizo linaweza kuharibika pia. Ghala hurekebishwa kwa amri nyingine:

dism /online /cleanup-image /restorehealth

Hapa ndipo wengi wa vijijini hukwama. Amri hii kwa kawaida huchukua faili safi kutoka kwenye intaneti, nami nilikuwa Walikale bila intaneti ya kutosha. Lakini inaweza kuelekezwa kwenye flashi yenye faili za kusakinishia Windows. Kijana anayetengeneza simu sokoni alikuwa nayo. Kwanza niliandika *winver* kupitia Windows na R ili kujua toleo langu, kwa sababu flashi lazima iwe ya toleo lilelile, na ni vizuri iwe ya lugha ileile. Flashi ilipochomekwa ikaitwa E, nikaandika:

dism /get-wiminfo /wimfile:E:\sources\install.wim

ili kuona namba ya toleo linalofanana na langu, kisha:

dism /online /cleanup-image /restorehealth /source:wim:E:\sources\install.wim:1 /limitaccess

Namba 1 mwishoni ibadilishwe kuwa namba uliyoiona kwenye orodha. Ilipomalizika nikarudia sfc /scannow, safari hii ikarekebisha zote. Nikaanzisha upya, na Mipangilio ikafunguka.

Tahadhari moja: usianze hatua hizi betri ikiwa chini ya nusu na jua likiwa limezama. Umeme ukikatika katikati ya urekebishaji unaweza kuzidisha uharibifu uleule unaoutibu. Mimi nilingoja saa nne asubuhi. Yote haya yakishindikana, *rstrui* kupitia Windows na R huirudisha kompyuta kwenye hali ya siku za nyuma bila kugusa nyaraka zako, iwapo kuna nakala ya hali hiyo iliyohifadhiwa. Programu ulizosakinisha baada ya siku hiyo zitaondoka.

Kabla ya kwenda uwandani

Kwa wenzangu wanaojiandaa kwa tasnifu, mambo machache. Ongeza kibodi unazozihitaji ukiwa bado chuoni, na uzijaribu kwa kuandika ukurasa mzima. Acha masasisho yamalizike kabisa, kisha yasitishe. Mipangilio inaruhusu kuyasitisha kwa hadi siku 35. Beba flashi ya Windows ya toleo lako. Andika amri kwenye daftari, kwa mkono, na uzihifadhi pia kwenye faili ya maandishi ndani ya simu.

La mwisho ni la daftari. Chora safu ya toni kando ya kila neno, hata kama unatumia kompyuta. Andika J kwa toni ya juu na C kwa toni ya chini, silabi kwa silabi. Kalamu inatosha. Hilo ndilo kosa la kiisimu nililolitaja mwanzoni: nilipokosa kibodi niliiacha toni, kana kwamba toni ni mali ya kibodi. Mwaka 1956, Candi Rureke aliwasimulia watafiti utendi wa Mwindo kwa Kinyanga, uliochapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Kompyuta za mkononi hazikuwepo.

Baada ya kurudi Goma nilifanikiwa kuthibitisha zaidi ya nusu ya maneno ya asubuhi ile ya kwanza kwa kuwauliza wasemaji wengine. Mengine yalikuwa ya ufugaji wa nyuki na ya miti ya msituni, maneno ambayo vijana niliowauliza hawakuyajua. Nilikusudia kumrudia mzee. Januari 2025 vita vilifika Masisi mjini, na Machi vikafika Walikale mjini. Wenyeji wangu walitawanyika, na simu niliyokuwa nikimpata mzee kupitia kwao haipatikani tena.

Maneno 41 yamo kwenye kiambatisho cha tasnifu yangu bila toni. Kando yake nimeandika tarehe, mahali, na kwamba siku ile mtafiti hakuandika toni.